Mama kafika mara ya 11 ya mionzi kati ya 25, anasema harudi tena. Nifanyeje?

Kitindamimba (Jumamosi, saa 2 usiku)

Wakuu habari za jioni. Naomba msiniambie kamuulize daktari, nitamuuliza Jumatatu, ila hizi siku mbili hapa nyumbani ndo zinanimaliza.

Mama yangu ana miaka 61, ana kansa ya shingo ya kizazi. Walisema imeshatoka kidogo nje ya shingo ya kizazi ila haijasambaa mbali, kwa hiyo operesheni haimfai, tiba yake ni mionzi mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, na dripu ya kemo kila Jumatatu, halafu mwishoni kuna mionzi mingine wanaita ya ndani ambayo mpaka leo sijaielewa. Alianza siku ya Jumatano na wiki ya kwanza alikuwa anatoka pale anacheka kabisa, ananiambia "ndo hii tu mliyokuwa mnanitisha nayo?" maana hausikii chochote, unalala, mashine inazunguka, dakika chache umeshashuka. Sasa kuanzia wiki ya pili mambo yakabadilika, anaharisha mpaka mara nane kwa siku, akikojoa kunaunguza, chakula hata harufu yake hataki, na uchovu ambao sio wa kulala ukaamka mzima, analala anaamka kachoka vile vile.

Juzi Alhamisi nimeshawasha gari namsubiri, akatoka mpaka mlangoni akasema mwanangu zima gari, mimi siendi. Jana hivyo hivyo. Na mama yangu akishasema amesema.

Hapo kuna shangazi yangu naye anamjaza maneno, anasema mionzi ndo inayomaliza watu, kuna ndugu wa rafiki yake alipigwa mionzi na hakufika miezi miwili. Na mtu mwingine tena kamwambia asimbebe mjukuu wake kwa sababu ana mionzi mwilini, kwa hiyo mtoto akija mama anajifungia chumbani. Hiyo inaniuma kuliko yote.

Nauliza kwa kweli, hizi 11 alizokwisha piga si zimeshafanya kazi kiasi? Akiacha hapa inakuwaje? Na kwanini wasingempiga zote kwa siku mbili tatu tukamaliza badala ya kumtesa wiki tano?

---

Mzee wa Kaunta (saa 2:20)

Pole sana mkuu. Mimi ningemuacha apumzike, mtu mzima huyo anajua mwili wake. Unaweza ukamlazimisha halafu likitokea la kutokea ukajilaumu maisha yako yote.

---

Mizizi Tiba (saa 2:31)

Mionzi ni biashara ya watu, inachoma seli nzima na mbovu. Kuna dawa ya asili inasafisha kizazi ndani ya siku 21 hata kama imefika hatua ya mwisho. Nicheki inboksi nikuelekeze.

---

Mama Wawili (saa 3 kasoro)

Wewe wa siku 21 tokea hapa. Kila uzi wa kansa upo na siku zako 21.

Kitindamimba mwanangu, pole, na mpe mama pole nyingi. Mimi nilikuwa na huo huo ugonjwa wa mama yako, mwaka wa nne huu tangu nimalize, na nilipigwa hizo hizo 25 za nje na za ndani mara nne. Naandika nikiwa nimekaa nimekunja miguu kwenye kochi, mzima, nagombana na wajukuu.

Kwanza mwambie hayo anayoyapata ndo ratiba yenyewe. Hakuna kilichoharibika. Mimi wiki ya kwanza nilijiona shujaa kama yeye, nikawa natembea mwenyewe nakataa kushikwa mkono, wiki ya pili kwenda ya tatu ndo ikanikamata, tumbo likawa bomba. Mionzi inafanya kazi kimya kimya na madhara yanakuja nyuma yake, ndo maana siku ya kwanza husikii kitu. Na nisikudanganye, yanapanda mpaka mwisho na hata wiki moja mbili baada ya kumaliza bado yapo, halafu ndo yanaanza kushuka. Mimi kama mwezi na nusu hivi baada ya mara ya mwisho nikaanza kujitambua.

Lakini kuharisha mara nane kwa siku halafu hamjamwambia mtu hapana! Mimi nilikosea hivyo hivyo, nikajua ndo kuvumilia kwenyewe, kumbe dawa ya kuzuia kuharisha ipo na kila wiki nilikuwa naonana na daktari naulizwa "unaendeleaje" najibu "naendelea vizuri dokta" kwa ile adabu yetu ya kutokutaka kusumbua wakubwa. Siku niliyosema ukweli nilipewa vidonge, nikabadilishiwa chakula, wakanipunguzia vyenye nyuzinyuzi nyingi, maziwa na mafuta kwa muda, ndani ya siku mbili nikawa naenda mara mbili tatu. Kukojoa kunaunguza wapime mkojo, inaweza kuwa ni mionzi tu imekichokoza kibofu na inaweza kuwa ni maambukizi, hivyo viwili dawa zake tofauti.

Alafu muulize vizuri, kutapika na kichefuchefu kinakuja siku gani? Kama kinapamba moto Jumanne Jumatano halafu kinapoa basi hiyo ni dripu ya Jumatatu, sio mionzi. Mimi nilikuwa nalaumu mashine kumbe mwenye makosa ni dripu. Kuna dawa za kichefuchefu kali kuliko zile za mwanzo wanazompa kila mtu, waombeni.

Suala la mjukuu nawaachia wanaojua wakueleze vizuri ila mimi wangu nilimbeba kila siku.

---

Kaka Barakoa (saa 3:15)

Mimi nilikuwa na ya koo. Mara 35, wiki saba, umefungwa uso kwenye barakoa ya plastiki inayobana kabisa kama umemwagiwa zege, unabanwa mezani usitikisike. Kabla ya kuanza waling'oa meno yangu mawili mabovu kwa sababu ukishapigwa taya likang'olewa jino baadaye mfupa unaweza usipone. Wiki ya nne nilikuwa nalishwa kwa mpira wa puani na siku moja nilikataa kwenda kama mama yako. Mke wangu hakubishana, alikaa tu pembeni akaniuliza "leo unaogopa nini?" Ikabidi nifikirie. Kumbe nilikuwa naogopa ile sauti ya barakoa inavyobanwa, klak klak klak. Tukawaambia wale wa mashine, wakawa wananiwekea muziki na kunihesabia dakika kwa spika. Sasa wewe muulize mama yako hivyo. Ukimuuliza "kwanini huendi" atakupa sababu ya kukunyamazisha.

---

Mshika Rimoti (saa 4 usiku)

Nimeona nisilale bila kujibu. Mimi kazi yangu ni hiyo, ndo wale tunaomlaza mgonjwa mezani halafu tunakimbia nje tunafunga mlango. Sio daktari, kwa hiyo maamuzi ya dawa siyagusi, ila ya mashine nayajua.

Naanza na hili la kwanini 25. Mionzi haichomi kama moto. Inaingia kwenye seli na kukata DNA, ule uzi wenye maelekezo yote ya seli. Ikikatika pande zote mbili seli ya kansa inashindwa kuunganisha vizuri, ikija kujigawa inakufa. Seli nzima nazo zinakatwa, hilo aliyesema hapo juu hajadanganya, ila hakumalizia. Seli nzima inajua kujirekebisha, ukiipa masaa kadhaa inaziba sehemu kubwa ya hasara yake kabla ya kesho hujairudia, ya kansa inaziba vibaya. Kwa hiyo kila siku unampiga mwizi na mwenye nyumba kofi moja moja, mwenye nyumba anaamka, mwizi kila siku anabaki na jeraha la jana. Wagonjwa wengi wa shingo ya kizazi wanapewa kama grei 45 (grei ndo kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara 25, maana yake 1.8 kwa siku. Ukimwaga yote kwa siku moja eneo lote la nyonga, utumbo na kibofu havitapata nafasi ya kujirekebisha na utamuua mwenye nyumba pamoja na mwizi. Zipo kansa wanapiga mara chache, mfano maumivu ya mfupa kansa ikishafika huko mara nyingi grei 8 mara moja tu inatosha kutuliza, na ya titi siku hizi wengi wanamaliza kwa mara 15, ila hiyo ni mipango mingine kwa malengo mengine, usimlinganishe na mama.

Sasa swali lako la 11 si zimefanya kazi kiasi. Zimefanya kazi, ndiyo. Ila zimefanya kazi ya kumi na moja kati ya ishirini na tano, na hapa ndo penye hatari ambayo watu hawaijui. Kansa ikipigwa halafu ukaiachia, zile seli zilizobaki zinaanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Ndo maana kwa ugonjwa wa mama yako tunahesabu siku kwa kalenda tangu ile Jumatano ya kwanza, na lengo ni mionzi yote ya nje na ya ndani iishe ndani ya wiki 8. Ukipitiliza hapo, kila siku inayoongezeka inapunguza nafasi ya kuidhibiti pale nyongani kwa karibu asilimia 1. Ukiiangalia siku moja ni kidogo, ila watu wanaacha wiki tatu halafu wanarudi wanasema tuendelee tulipoishia, haiendi hivyo, hakuna kuendelea ulipoishia.

Siku mbili alizokosa bado hazijaharibu kitu kisichorekebishika. Kuna namna ya kufidia, wakati mwingine mgonjwa anapigwa mara mbili kwa siku moja ila kwa kutenganisha walau masaa sita, wakati mwingine tunafungua Jumamosi, daktari na mwanafizikia wa idara wanapiga hesabu. Nyie msipige hesabu. Jumatatu asubuhi na mapema piga simu kitengo, sema mgonjwa fulani kakosa Alhamisi na Ijumaa kwa sababu ya kuharisha, anakuja leo, anahitaji kuonana na daktari kabla ya kupanda mezani. Kama damu yake imeshuka au figo zinalalamika kwa ajili ya dripu au kaishiwa maji, daktari anaweza kusimamisha kemo akaacha mionzi iendelee. Watu hawalijui hili, wanadhani ni vyote au hakuna. Mionzi ndo nguzo, ile dripu ni msaidizi wa kuifanya seli ya kansa iwe dhaifu mbele ya mionzi.

Ila akipata homa ya kufika 38 au zaidi, au akawa hawezi kushikilia hata maji tumboni, au anatoka damu nyingi, usisubiri Jumatatu, mpeleke usiku huo huo.

Mjukuu. Mionzi ya nje haibaki mwilini, mashine ikizimwa imeisha, kama taa, ukizima taa mwanga haubaki kwenye nguo. Ambebe, ambusu, alale naye. Hata ile ya ndani ya mwishoni chanzo cha mionzi kinaingizwa kizazini kwa waya dakika kadhaa kinarudi ndani ya mashine yake, akitoka chumba kile hana kitu. Hilo neno la kujitenga limetoka kwa watu wanaokunywa ayodini ya mionzi kwa ajili ya tezi ya thairoidi, wale kweli dawa inabaki mwilini na nguvu yake inapungua nusu kila siku 8, kwa hiyo wanaambiwa wakae mbali na watoto na wajawazito kwa muda. Mtu kasikia la huyu kampelekea yule.

Na sisi kukimbia nje sio kwamba kuna kitu kibaya mnafichwa. Mama yako anapata dozi yake mara 25 kwa faida yake, mimi nikibaki mle nitapata kidogo kidogo wagonjwa wote wa leo na kesho na miaka yangu yote ya kazi bila faida yoyote.

Kuhusu ndugu wa rafiki wa shangazi. Sijui habari zake, ila wagonjwa wengi wanafika kwetu kansa imeshaenda kwenye mifupa au mapafu, wanapigwa mionzi ya kutuliza maumivu au kuzuia damu, haijapangwa kuponya. Wakifariki watu wanakumbuka kitu cha mwisho walichokiona, nacho ni mionzi. Haisambazi kansa. Na nisiseme haina baya lolote, kuna nafasi ndogo miaka mingi mbele ya kupata kansa nyingine kwa sababu yake, ila huyu ana kansa leo.

---

Mzee wa Kaunta (saa 4:25)

Nafuta kauli mkuu. Sikujua hiyo ya seli kuzaana kwa kasi.

---

Mwalimu Mstaafu (saa 4:40)

Samahani naingilia uzi wa watu, Mshika Rimoti mimi yangu ni kansa ya tezi dume, mashine yetu iliharibika siku tatu ikarudi, na sasa hivi nakaa mezani muda mrefu kuliko zamani. Nina wasiwasi wananiongezea kufidia bila kuniambia.

---

Mshika Rimoti (saa 4:55)

Mwalimu shikamoo. Siwezi kujua bila kuona faili lako, waulize, una haki ya kuambiwa umepewa kiasi gani na imebaki kiasi gani. Ila kuna jambo moja, kama mashine yenu ni ya kobalti, ile inatumia kipande cha madini yenye mionzi na nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo. Kikizeeka tunalazimika kukuacha mezani muda mrefu zaidi ili upate dozi ile ile. Muda ni mrefu, dozi ni ile ile. Ila hilo linakwenda taratibu kwa miezi, haliruki ndani ya siku tatu, kwa hiyo kama ni ghafla waulize kesho kutwa. Linaki, ile aina nyingine ya mashine, yenyewe haina madini, inatengeneza mionzi kwa umeme.

Na kibofu je, kimejaa vizuri siku hizo? Maana wengi muda unakwenda hapo. Tunapiga picha kabla, tukiona kibofu kitupu tunawashusha mkanywe maji mrudi.

---

Mama Wawili (saa 5 kasoro)

Hahaha kibofu jamani! Unaambiwa kunywa maji nusu lita usiende chooni, unakunywa kwa kuhesabu saa, unafika mlangoni unaambiwa subiri kidogo aliyepo ndani amechelewa. Tulikuwa tumejipanga kwenye benchi akina mama sita tumebana miguu hakuna anayeongea, mmoja akikohoa wote tunamkasirikia. Ila ina maana yake, kibofu kikijaa kinausukuma utumbo juu utoke kwenye njia ya mionzi, kwa hiyo kadiri unavyokijaza ndo unavyoharisha kidogo. Mama akielewa hivyo atakunywa.

---

Kitindamimba (Jumapili, saa 10 jioni)

Wakuu Mungu awabariki. Nimemsomea mama karibu yote. Ile ya mjukuu nilivyomsomea alinyamaza, akasema rudia. Nikarudia. Akasema mlete mtoto.

Sasa nikafanya alivyosema Kaka Barakoa, nikakaa pembeni nikamuuliza mama unaogopa nini. Akanyamaza sana. Nikajua hajibu, nikataka kuondoka, ndo akaniambia Jumatano wakati tunarudi alijichafua kwenye gari. Mimi naendesha sikujua. Alikaa juu ya kanga mpaka tukafika, akaingia bafuni moja kwa moja, usiku akatoka kimya kimya akafua kile kitambaa cha siti. Nilikiona asubuhi kimelowa nikadhani kamwaga maji.

Akasema "mimi ni mama yako, siwezi kukaa kwenye gari la mwanangu hivyo mara kumi na nne tena." Alikuwa ameshahesabu zilizobaki.

Sijui nilie au nifanyeje. Kumbe sio shangazi wala nini.

---

Mama Wawili (saa 10:20)

Mwanangu ungejua wangapi kati ya wale sita wa benchi hatukupitia hiyo. Hakuna hata mmoja. Mimi ilinitokea mezani kabisa, nimevuliwa, mashine inazunguka juu yangu. Nilitamani sakafu ipasuke. Yule binti aliyenihudumia aliingia, akanifunika, akaniambia mama usijali wewe ni wa tatu leo. Sijui kama ilikuwa kweli, ila nilimpenda tangu siku hiyo.

Fanya hivi. Una dada? Mke? Mtu wa kike wa kumsindikiza akae naye siti ya nyuma. Wewe endesha, angalia mbele, washa redio. Mnunulieni pampasi za wakubwa, mwambie hata mimi nilivaa na nilikuwa na miaka 49, gauni refu juu hakuna anayejua. Begi lake dogo liwe na kanga mbili, nguo ya ndani, mfuko wa plastiki wa kufunga, kitambaa laini cha kulowesha. Asitumie karatasi kavu kujifuta, ajisafishe kwa maji ya uvuguvugu na ajikaushe kwa kugusa gusa bila kusugua, ngozi ya huko inachubuka. Sabuni ya manukato aache, na asijipake kitu chochote ambacho hajapewa pale. Zile alama za wino alizochorwa mwilini asizisugue pia, ndo ramani yenyewe ya kulenga mionzi.

Na hizi za ndani zikifika huyo dada yako ndo aingie naye kuongea na daktari, sio wewe, usikasirike. Waulizie dawa ya maumivu na usingizi kabla ya kuingizwa vile vyombo, maana mimi mara ya kwanza nilikuwa sijajiandaa na nililia, mara zilizofuata nikapewa dawa vizuri wala sikumbuki. Yako na mengine ya baada ya tiba, njia ya uzazi inaweza kusinyaa na kushikana na kuna vifaa vya kuizuia. Hayo nitamwandikia dada yako pembeni, sio ya kumwandikia mtoto wa kiume hapa.

---

Kitindamimba (saa 10:45)

Dada yupo, namtumia huu uzi sasa hivi. Asante mama.

---

Mshika Rimoti (saa 11 jioni)

Nyongeza tu. Akifika kesho amwambie yule wa mapokezi wa kike kwa sauti ya chini "nina tatizo la tumbo", inatosha, hahitaji kueleza. Tunatandika shuka la kutupa mezani na mara nyingi tunaweza kumpangia saa yenye foleni fupi au karibu na choo. Sisi kwa siku tunaona watu wengi wa namna hiyo, tukitoka nyumbani hatukumbuki nani alikuwa nani. Na dawa ya kuharisha akishapewa aulize ainywe saa ngapi kabla ya safari.

---

Kaka Barakoa (saa 12 jioni)

Mkuu na wewe kula. Mke wangu alipungua kilo nyingi kuliko mimi mgonjwa.

---

Kitindamimba (Jumatatu, saa 3 usiku)

Mrejesho. Nilipiga simu asubuhi kama nilivyoelekezwa, wakasema aje. Dada alikaa nyuma na mama, mimi mbele nimewasha redio kwa sauti, mama akasema punguza unatuumiza masikio, nikajua amerudi kuwa mama.

Daktari amempima, damu imeshuka kidogo ila haijafika pa kuongezewa, amekutwa kaishiwa maji kwa hiyo dripu ya kemo ya leo wameiahirisha wamempa ya maji, na mkojo una maambukizi kweli, kapewa dawa yake. Vidonge vya kuharisha kapewa, na karatasi ya vyakula. Zile siku mbili wamesema watazifidia Jumamosi hii na inayofuata. Mionzi kapigwa leo leo mchana baada ya maji.

Shangazi kapiga simu jioni kuuliza kama kweli amerudi kule. Mama akachukua simu mwenyewe akamwambia nimerudi, halafu akamwambia ngoja nikupigie baadaye nimembeba mtoto.

Ya 12 hiyo. Zimebaki 13.